Nyumba ya Wanasesere Iliyotoka Karakana

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, jioni ya siku ya kwanza ya mkutano wetu.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya utumishi wa umma na maandalizi ya kustaafu. Nilimjibu kwamba kustaafu bado, na juu ya utumishi mmesikia mengi, tena kutoka kwa watu wenye vyeo kuliko mimi. Nikamwomba ruhusa ya kuzungumza juu ya nyumba ya wanasesere. Alinyamaza kwa siku tatu, kisha akakubali. Nadhani alifikiri ni fumbo. Si fumbo. Ni nyumba ya mbao, urefu wake inchi 36 na upana wake inchi 24, nayo ipo pale kwenye meza karibu na mlango, imefunikwa shuka.

Nilikutana nayo hivi. Miaka miwili iliyopita nilikwenda kumpa pole mama mmoja, mjane wa mwalimu wetu wa zamani, ambaye wengi wenu mlikula nyumbani kwake. Tulikaa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Mbele yangu kulikuwa na kuku anaatamia mayai ndani ya kitu nilichodhani ni sanduku. Nikatazama mara ya pili nikaona sanduku lina madirisha. Nikatazama mara ya tatu nikaona lina baraza yenye nguzo nne, na mlango uliokatika bawaba moja. Nikamwuliza mama, hii ni nini? Akasema, "Hiyo ilikuwa ya wanasesere wa binti yangu. Sasa ni ya huyu," akamwonyesha kuku kwa kidole.

Ninyi mnajua kazi yangu. Mimi ni mkadiriaji majenzi katika halmashauri. Chuo Kikuu kilinisomesha hesabu za matofali, na mshahara wangu ni wa kuhesabu matofali. Mtu wa kazi yangu hawezi kuuona mlango bila kuupima. Nilitoa futi mfukoni. Mlango ulikuwa na urefu wa inchi 6 na nusu, upana inchi 2 na nusu. Nikapima kutoka sakafuni mpaka darini, nikapata inchi 9. Hapo nikajua kwamba aliyeitengeneza hakuwa mtu wa kubahatisha, maana mlango wa kawaida wa nyumba za zamani ni futi 6 na inchi 6 kwa futi 2 na inchi 6, na dari ya futi 9 ni dari ya nyumba ya mtumishi wa serikali. Kila futi moja ilikuwa imefanywa inchi moja. Nchi ilikuwa imekwisha hamia kwenye mita, lakini mafundi wa zamani waliendelea kufikiri kwa futi, na wengine mpaka leo.

Mama alikubali kunipa nyumba ile kwa sharti moja, kwamba nimpe kuku wake makazi mengine kwanza. Sharti la haki. Nikajenga banda la kuku, na ndiyo kazi pekee katika habari hii yote niliyoimaliza kwa wakati.

Kabla sijaendelea, niseme neno kwa wale ninaowaona wanatabasamu. Najua mnachofikiri: mtu mzima, mwenye mvi, anacheza na wanasesere. Naomba mfahamu kwamba nyumba hizi tangu zamani hazikuwa vitu vya watoto peke yao. Huko Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, ipo nyumba ya wanasesere ya bibi mmoja tajiri aitwaye Petronella Oortman, iliyoanza kuandaliwa mwishoni mwa karne ya 17, wala haikuwa kitu cha watoto kuchezea. Na huko Uingereza, kati ya mwaka 1921 na 1924, alijengewa Malkia Mary nyumba ya wanasesere iliyochorwa na msanifu Edwin Lutyens, yule yule aliyesanifu majengo makubwa ya serikali huko New Delhi. Ina umeme, ina maji ya moto na ya baridi yanayotoka bombani, ina lifti zinazopanda na kushuka. Maktaba yake ina vitabu vidogo kama kidole gumba, na kimoja aliandika Arthur Conan Doyle, mwandishi wa habari za Sherlock Holmes. Ilionyeshwa Wembley mwaka 1924, na hata leo watu hulipa kiingilio katika ngome ya Windsor kwenda kuitazama. Skeli yake ni inchi moja kwa futi moja, sawasawa na ile ya nyumba ya kuku wetu.

Basi nikaipeleka nyumbani, nikaiweka kwenye gereji, nikaandaa mchanganuo wa gharama kama ninavyofanya ofisini. Muda: Jumamosi mbili. Mimi, ambaye kila mwezi nawahoji wakandarasi kwa nini wamechelewa, nilitumia miezi kumi na minne. Mke wangu ameutunza mchanganuo ule, naye huwasomea wageni.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuifungua nyumba bila kuivunja. Kinyesi cha kuku kilikuwa kimeiozesha sakafu, ambayo ilikuwa plaiwudi, na tabaka zake zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kuta zilikuwa nzima kwa sababu zilikuwa za mninga, na mninga hauliwi ovyo na wadudu. Nilibahatika katika jambo moja. Fundi aliunga mbao zake kwa gundi ya zamani, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hii ina tabia njema: ukiipa joto na unyevu inalainika na kuachia. Nilichovya kitambaa katika maji ya moto, nikakikamua, nikakiweka juu ya kiungo dakika kumi, kumi na tano, kisha nikatia kisu cha mezani taratibu, na kiungo kikafunguka bila hata ubao kuchanika. Gundi nyeupe tunayonunua siku hizi ni kali, lakini haimwachii anayekuja nyuma yako nafasi kama ile. Kila kiungo nilichokifunga upya nilikifunga kwa gundi ya aina ile ile, ingawa inanuka.

Halafu nikaanza kujifunza kwamba ukubwa ni jambo la ajabu. Unaweza kukipunguza kitu mara kumi na mbili kwa urefu, lakini eneo lake limepungua mara 144, na ujazo wake mara 1,728. Na yako mambo ambayo hayakubali kupungua hata kidogo. Kitambaa hakikubali. Pazia la dirisha la inchi 4 halianguki kwa mikunjo, linasimama kama ubao. Yakupasa kulilowesha kwa uji wa wanga, ulikunje kwa mkono, ulibane kwa pini, uliache likauke hivyo hivyo. Mbao nazo hazikubali. Nyuzi za mninga ni nene, nawe ukitengeneza kiti cha inchi 3 kwa mninga kitaonekana kimechongwa kwa gogo la mbuyu. Kwa viti na vitanda nikatumia podo, ambayo nyuzi zake ni laini. Rangi haikubali pia. Ukipaka mikono mitatu kama ukuta wa kawaida, milango haifungi. Na rangi inayong'aa inaisaliti nyumba ndogo mara moja. Lazima iwe rangi iliyofifia.

Sakafu ilinipa furaha kubwa kuliko vyote. Nyumba ile, kama nitakavyoeleza, ilikuwa mfano wa nyumba za walimu za hapa hapa shuleni, na wote mnazikumbuka sakafu zile za saruji nyekundu, maana nani kati yetu hakuwahi kuadhibiwa kwa kuzisugua? Nilichukua unga ule mwekundu wanaochanganya na saruji, nikauchanganya na gundi na maji, nikapaka juu ya plaiwudi mpya, nikasugua kwa msasa laini sana, kisha nikapaka nta na kung'arisha kwa soksi. Mke wangu alipoiona alicheka, akasema inahitaji mwanafunzi mwenye adhabu.

Paa lilinitesa. La awali lilikuwa bati la debe la mafuta, lililokunjwa mawimbi kama bati la kweli, na wimbi moja hadi jingine ni robo inchi, kwa kuwa wimbi la bati la kweli ni inchi 3. Upande mmoja ulikuwa umeliwa na kutu. Nilijaribu makopo ya soda, yakarudi nyuma kama springi. Mwishoni nikapata bati jembamba la alumini lililokwisha tumika kwenye mashine ya kuchapia magazeti, nikapigilia spoki za baiskeli sambamba juu ya ubao, robo inchi kwa robo inchi, nikalikandamiza bati katikati ya spoki kwa ncha ya mpini wa kijiko. Niliharibu vipande kumi na moja. Upande wa pili wa paa nimeuacha na bati la Fundi lenyewe. Wanaojua kutazama wataona tofauti, na lake ni zuri zaidi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupapita haraka, lakini ndipo palipofanya nisimame hapa.

Kuta za ndani zilikuwa zimepakwa rangi mara tatu: ya buluu juu, kisha ya krimu, kisha nyeupe. Jumamosi moja tulikuwa na harusi ya jirani saa kumi, nami nilitaka nimalize chumba cha nyuma kabla ya kwenda. Nilichukua msasa namba 80, ambao ni mkali kama ulimi wa simba, nikasugua ukuta mkavu kwa nguvu zangu zote. Vumbi likajaa gereji. Lilipotua nikaona alama nyeusi kwenye ubao. Nikadhani ni uchafu, nikasugua tena. Kisha nikaona alama nyingine chini yake, na hiyo ilikuwa tarakimu. Tarakimu 5. Na mbele ya tarakimu hiyo, kwa mwandiko wa penseli wa mwanafunzi anayejitahidi kuandika vizuri, kulikuwa na herufi tatu za jina la mtu.

Niliketi chini. Harusini sikwenda.

Jambo la kwanza nililotenda Jumatatu lilikuwa kumweleza mwenzangu wa idara ya afya, si kwa sababu ya majina bali kwa sababu nilikuwa nakohoa. Alinigombeza sana. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Rangi ya namna hiyo haisuguliwi ikiwa kavu hata siku moja. Nawaambia na ninyi mlio na milango na vitanda vya zamani majumbani: loweka, kwangua ikiwa mbichi, vaa kinga puani, na takataka zake uzifunge usizifagie uani. Mimi nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mkono mmoja.

Nilipokuwa natafuta namna ya kuokoa kilichobaki, nilisoma habari za mama mmoja wa Marekani, Frances Glessner Lee. Katika miaka ya 1940 mama huyu alitengeneza vyumba vidogo vya wanasesere, kwa skeli hii hii ya inchi kwa futi, kila kimoja kikiwa na maiti, damu, viti vilivyopinduka, yote kwa ajili ya kuwafundisha polisi kuchunguza vifo. Soksi za wanasesere wake alizifuma mwenyewe kwa pini. Vyumba vile viko Baltimore, navyo viliendelea kutumika kufundishia miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1962. Mwaka 2017 vilipotengenezwa ili vionyeshwe Washington, wataalamu waliondoa balbu za zamani zilizokuwa zikivichoma kwa joto lake, wakaweka taa ndogo za LED zisizo na joto, lakini wakajitahidi mwanga uwe ule ule aliouchagua mama yule. Huwezi kusogeza kiti wala kufuta doa katika vyumba vile, kwa sababu doa ndilo somo. Nilisoma habari hizo usiku, nami nikifahamu kwamba ndani ya gereji yangu nimefuta doa.

Penseli, kwa bahati, ni jiwe jeusi tu, haiyeyuki kwa dawa za kutolea rangi. Kwa hiyo nilinunua dawa hiyo, nikaipaka kidogo kidogo kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti, eneo la ukubwa wa stempu kwa jioni moja, madirisha yote yakiwa wazi. Rangi ikatoka, penseli ikabaki. Baada ya wiki tatu ukuta ulisomeka hivi. Juu, maneno nusu: "...kana, Kidato cha III, 1981". Chini yake nafasi tupu, ubao mweupe, ambapo msasa wangu ulipita. Kisha namba 5, namba 6 na namba 7, na majina yake. Namba 1 hadi 4 nimezifuta mimi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nyumba ile ilitengenezwa hapa, katika karakana yetu. Waliosoma miaka ya 70 na 80 wanamkumbuka Fundi wetu wa karakana, Mungu amrehemu, aliyekuwa akimrudishia mtu ubao mara tano kwa kosa la unene wa ukucha. Mimi nilipofika Kidato cha I mwaka 1994 karakana ilikuwa imekwisha fanywa ghala la magodoro. Jana nilichungulia dirishani: magodoro yapo bado, nadhani ni yale yale. Nikajua pia kwa nini vipimo vilikuwa sahihi kiasi kile.

Nikampigia simu binti wa mwalimu, ambaye sasa ni muuguzi Mwanza na ana wajukuu. Alipiga kelele ya furaha. Aliniambia kwamba mwaka ule alikuwa na umri wa miaka sita, amevunjika mguu, amelala na plasta miezi miwili, na wavulana wa Kidato cha III waliibeba nyumba kichwani kutoka karakana, wawili mbele, wawili nyuma, mmoja akitembea kando akitoa amri. Hawajui majina; kwake wote walikuwa "kaka". Lakini alisema mmoja alikuwa akija kila Jumamosi kutengeneza mlango, ambao ulikuwa ukikwama, na alipomaliza alikuwa akikaa barazani kumsimulia hadithi za sungura. Kisha akaniuliza, "Jina lake limo?"

Wazee wangu, nilimjibu kwamba sijui. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile kwamba huenda limo kwenye vumbi nililofagia. Nilimwambia baadaye, kwa barua. Alijibu kwa ukarimu kuliko nilivyostahili.

Wa namba 5 na namba 7 nimepata habari zao, wamekwisha fariki. Namba 6 sijampata. Orodha za mwaka ule ofisini nimeonyeshwa, lakini ni za kidato kizima, hazisemi nani alikuwa karakana na nani alikuwa kwenye bustani.

Rafiki zangu wawili walionishauri waligawanyika. Mmoja alisema nipake rangi ukuta wote, nyumba ing'ae, mambo yaishe, maana hata wenyewe majina yao walipakiwa rangi juu na hawakulalamika. Mwingine alisema nitafute majina niyaandike upya mahali pake. Wa kwanza nimemkatalia. Ukuta ule sikuupaka rangi, ndio ukuta pekee usiopakwa. Wa pili nilikaribia kumkubali, nikachonga penseli, lakini mkono ulikataa. Mwandiko wangu si wao. Ningekuwa naghushi saini, na ninyi mnajua mtumishi wa umma hufanywa nini kwa kosa hilo.

Mlango bado unakwama. Nimejaribu mara nne. Nadhani sasa ni shauri la mbao yenyewe, inavimba mvua zikinyesha, nami nimeamua kumwachia hivyo mwenye nyumba, kwa sababu nyumba inakwenda Mwanza wiki ijayo. Ana mjukuu wa miaka sita. Nimetia taa ndogo ya LED sebuleni, inawaka kwa betri mbili za tochi, nyaya zake nimezipitisha darini.

Lakini kabla haijaondoka, nina ombi, nalo nalielekeza kwenu kaka zetu mlioketi meza za mbele, mliokuwa Kidato cha III mwaka 1981. Najua mko hapa wanane au tisa, nimehesabu asubuhi. Baada ya chakula nitaliondoa shuka. Njooni mtazame mawimbi ya bati, mtazame viungo vya baraza, labda mkono utakumbuka. Kama ulikuwa mmoja wa wale wanne, penseli ipo mezani, na mahali pako papo, namba 1 mpaka namba 4, hapajaguswa. Kama hukuwamo ila unawakumbuka waliokuwamo, usiandike wewe; niambie mimi, nitawatafuta.

Na aliyekuwa akienda Jumamosi kutengeneza mlango, kama yumo humu ukumbini, nina namba ya simu ya Mwanza mfukoni. Amesema apigiwe hata usiku.

Mwenyekiti ananionyesha saa.